Nani Atalipa Deni la Mtoto?

Tuanze kwa mfano. Si habari ya mtu fulani, wala msomaji asitafute jina. Lakini mkaaji yeyote wa Bunia ataona kwamba umefanana na mambo anayoyajua.

Mama mmoja mjane anauza samaki sokoni. Samaki wake hutoka Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Mtaji wake wote ni dola 60, naye amezifunga katika kitambaa na kuzificha chini ya beseni. Siku moja kijana wa miaka 15, mmoja wa wale tunaowaita maibobo, anakiona kile kitambaa, anakinyakua, anakimbia. Kesho yake anakamatwa. Fedha imekwisha yote: nyingine ameila, nyingine amenyang'anywa na wakubwa wake wa barabarani.

Kijana anatiwa ndani. Mama anaitwa kutoa maneno yake. Anafunga meza yake, anapanda pikipiki ya motari, anangoja tangu asubuhi mpaka jioni, halafu anaambiwa arudi juma lijalo. Anarudi mara tatu. Mara ya nne haendi tena, maana kila siku anayokwenda huko watoto wake wanalala na njaa. Miezi inapita. Kijana anakaa kifungoni pamoja na watu wazima, anasikia maneno yao, anajifunza kazi yao. Mwisho anatoka, mwembamba kuliko zamani na mjuzi kuliko zamani.

Sasa tuhesabu. Mama alipoteza dola 60. Juu yake amepoteza siku tatu za kazi na nauli ya motari. Hakurudishiwa hata franka moja. Kijana hakuambiwa hata mara moja amtazame usoni yule aliyemwibia. Wakaaji wa mji wametoa fedha ya polisi, ya hakimu na ya gereza, nao wamerudishiwa mwizi hodari kuliko yule wa kwanza. Hata hivyo watu wanasema: "Haki imetendeka." Je, ni kweli? Ni haki gani hiyo, ambayo kila mtu ametoka ndani yake akiwa maskini kuliko alivyoingia?

Njia nyingine

Iko njia nyingine. Sisi tutaiita haki ya kutengeneza. Mwenye kufuata njia ya kwanza huuliza maneno matatu: Sheria gani imevunjwa? Nani ameivunja? Apewe adhabu gani? Mwenye kufuata haki ya kutengeneza huuliza mengine matatu: Nani ameumizwa? Amepungukiwa na nini? Nani yampasa kukitengeneza kilichoharibika? Basi mkosaji, aliyekosewa na jamaa zao hukaa pamoja mbele ya mpatanishi. Mkosaji hukiri kosa lake. Aliyekosewa husema uchungu wake. Kisha hupatana juu ya malipo, na mtu huwekwa kuangalia kama malipo yametimizwa.

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, nchi ya Kanada, vijana wawili waliolewa waliharibu mali za watu mahali 22 katika usiku mmoja. Mtumishi wa mahakama aliyepewa kuwaangalia alimwomba hakimu awapeleke mlango kwa mlango, wakutane na wale waliowaharibia, waijue hasara na kuirudisha. Hakimu akakubali, na vijana wakalipa. Tangu hapo habari ile ikaenea. Mwaka 1989 nchi ya New Zealand iliandika katika sheria kwamba mambo ya kijana mkosaji yatazamwe katika mkutano wa jamaa yake pamoja na aliyekosewa. Na shauri hilo lilichukua mengi katika desturi za Wamaori, wenyeji wa nchi ile.

Wazee wetu wakisikia habari hizo watatabasamu, maana kukaa chini ya mti na kuulizana nani ameumizwa si jambo geni kwao. Ng'ambo ya ziwa, ndugu zetu wa Uganda waliandika sheria ya watoto mwaka 1996, wakalipa baraza la kijiji ruhusa ya kuhukumu makosa madogo ya watoto kwa njia ya mapatano, fidia, kurudisha mali, kuomba radhi na kuonywa.

Na sisi je? Tangu tarehe 6 Desemba 1950 nchi yetu ilikuwa na amri iliyomtenga mtoto mkosaji na mtu mzima. Halafu ikaja sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kumlinda mtoto. Sheria hiyo yasema kwamba asiyefikia miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia mbele ya sheria ya adhabu. Kwa mwenye miaka 14 mpaka asiyetimiza 18, iko mahakama ya watoto, nayo haitoi adhabu za watu wazima bali hatua za kumlea na kumwongoza. Tena sheria hiyo imeweka mapatano: mlalamikaji na mtoto, au mzazi wake, watafute shauri pamoja mbele ya mtu wa tatu asiyependelea upande, nayo imeagiza halmashauri za mapatano. Hata Ituri na Kivu ya Kaskazini zilipowekwa chini ya utawala wa askari tangu tarehe 6 Mei 2021, na mashtaka ya makosa yakapelekwa kwa mahakama za kijeshi, sheria ya mahakama hizo, iliyoandikwa mwaka 2002, ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtu asiyetimiza miaka 18 si wao.

Basi sheria tunayo, na ni njema. Shida si maandiko. Shida ni fedha. Nani atamlipa mpatanishi? Nani atatoa nauli ya yule wa kwenda kutafuta jamaa ya kijana huko Mahagi au Djugu? Nani atalisha nyumba ambamo kijana atangoja shauri lake, asitupwe pamoja na wauaji? Wengine wanajibu: "Hazina ya Serikali." Wengine wanakasirika kulisikia jibu hilo. Tuwasikilize kwanza hao wenye kukasirika, maana hasira yao si ya bure.

Maneno ya wanaokataa

Wa kwanza asema: "Yule mama wa samaki analipa kodi ya soko kila siku. Mtoto wake mwenyewe amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Mnataka kodi yake imfundishe useremala yule aliyemwibia? Basi amwambie mwanawe aende akaibe, apate naye kufundishwa!"

Wa pili asema: "Ikiwa Serikali inalipa, mtoto halipi. Na kama halipi, ametengeneza nini? Mmebadilisha jina tu: zamani mliita msamaha, leo mnaita haki."

Wa tatu asema: "Ituri ina wakimbizi wa vita, ina barabara mbovu, ina zahanati zisizo na dawa. Kwa nini tuwatangulize wakosaji?"

Wa nne asema: "Wazee wetu walipatanisha watu bila mshahara wa Serikali. Waachieni wazee."

Maneno hayo manne yote yana ukweli ndani yake. Tusiyapite haraka.

Gereza nalo hulipiwa

Tuanze na wa tatu, maana jibu lake ni jepesi. Yeye asema kana kwamba leo hatulipi kitu juu ya wakosaji, na kwamba haki ya kutengeneza italeta gharama mpya. Sivyo. Gereza la Bunia lilijengwa wakati wa ukoloni kwa watu wachache, wapata 220 kama ilivyosemwa mara nyingi, nalo limepata kujaa watu zaidi ya elfu moja. Chakula chao, ingawa ni kidogo, hununuliwa. Walinzi wao hulipwa. Ugonjwa unaozaliwa kwa msongamano hutibiwa, au hautibiwi, na hapo malipo ni roho ya mtu. Tena iko gharama nyingine ambayo haiandikwi katika daftari: jamaa wanaobeba chakula kila siku mpaka mlango wa gereza, na kazi waliyoiacha nyuma.

Basi swali si kama tulipe au tusilipe. Tunalipa sasa hivi. Swali ni hili: Fedha ile yanunua nini? Ikiwa yanunua kijana mbaya zaidi na mama maskini zaidi, basi hiyo ndiyo anasa ambayo nchi yenye wakimbizi haiwezi kuivumilia.

Wazee nao wana mpaka

Na yule wa nne? Ni kweli wazee walipatanisha, na hata leo wanapatanisha. Tena pengine mtu husikia neno la mzee wake kuliko neno la hakimu. Lakini tukumbuke mambo mawili.

Kwanza, baraza la wazee lilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alijulikana. Ukiiba mbuzi, baba yako mdogo alisimama kwa niaba yako, na ukoo wote uliona haya. Lakini maibobo wa soko la Bunia hana baba mdogo wa kusimama. Vita vimeleta mjini watu wa Djugu, wa Irumu, wa Mahagi, na kila mmoja amewaacha wazee wake nyuma, au amewazika. Mwizi ni wa kabila hili, mwibiwa ni wa kabila lile. Mzee wa nani atasikiwa na wote wawili? Katika mji ulioona yale tuliyoyaona kati ya miaka 1999 na 2003, mpatanishi wa upande mmoja aweza kuchukuliwa kuwa adui wa upande wa pili. Yatakiwa mtu asiye wa upande wowote, yaani mtu wa wote. Na mtu wa wote yafaa alipwe na fedha ya wote.

Pili, tusidanganyane: baraza halikuwa bure. Palikuwa na pombe, palikuwa na kuku, palikuwa na mbuzi wa wazee. Leo mahali pa mbuzi pameingia noti. Mithali yasema: mkono mtupu haulambwi. Mpatanishi asiye na mshahara atakula wapi? Atakula kwa wale waliokuja kupatanishwa. Ndipo mtoto wa tajiri anapatana kwa siku moja, maana baba yake amefungua mfuko. Na mtoto asiye na mtu anakwenda gerezani kwa kosa lile lile. Hapo mapatano yamekuwa bidhaa. Afadhali mahakama kali inayomhukumu kila mtu sawasawa kuliko mapatano yanayouzwa.

Hii ndiyo sababu ya kwanza, nasi twaona ni kubwa, ya kuitaka hazina ya Serikali itoe fedha. Si kumpa mkosaji zawadi. Ni kuzuia haki isinunuliwe.

Deni na njia ya kulipia

Sasa tufike kwa yule wa pili, maana ndiye amegusa kiini cha neno. "Serikali ikilipa, mtoto halipi." Wakristu twapaswa kumsikiliza, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa tangu katekisimu.

Mwenye kuungama huleta majuto, huleta maungamo, na hufanya malipizi. Aliyeiba kuku wa jirani, akaungama, akasamehewa na Mungu kwa mkono wa padri, bado ana kuku wa kurudisha. Padri hamrudishii kuku. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kurudisha kitu cha mtu ni tendo la haki yenyewe, si wema wa kujitolea; na kwamba anayeweza kurudisha na hataki, hajatoka katika kosa lake. Zakayo naye hakusema kwamba ataomba hazina ya Roma iwalipe wale aliowadhulumu. Alisema atatoa katika mali yake, na kurudisha mara nne. Dawa ya deni ni kulipa.

Basi yule mpingaji amesema kweli: kama Serikali inachukua dola 60 katika hazina na kumpa mama, na kijana anakwenda zake, mama ameshiba lakini kijana hakutengeneza kitu. Zaidi ya hayo, amefanyiwa dharau. Ndiyo, dharau! Maana kumwambia mtu "Wewe huna deni, ulikuwa maskini tu, hukujua ulitendalo," ni sawa na kumwambia "Wewe si mtu kamili." Ng'ombe akila mahindi ya shamba, hatumdai ng'ombe, twamdai mwenye ng'ombe. Kumdai kijana ni kumheshimu. Ni kumwambia: wewe ni mtu, mkono wako ulifanya ubaya, na mkono ule ule waweza kufanya wema.

Lakini angalia sasa, ndugu msomaji. Deni ni kitu kimoja, na njia ya kulipia deni ni kitu kingine. Kijana asiye na kazi, asiye na nyumba, asiye na mtu wa kumpeleka mbele ya mama, atalipaje? Tunamdai alipe, na papo hapo tumemfungia mahali asipoweza kuchuma hata franka moja. Ni kama kumdai mtu avuke mto huku tumeuvunja mtumbwi.

Basi hili ndilo neno tunalotaka kulisema, nalo ni fupi: Hazina ya wote ilipe njia, mtoto alipe deni. Hazina imlipe mpatanishi. Hazina itoe nauli. Hazina imtafutie kijana fundi wa kumfundisha, na ampate kazi yenye malipo madogo. Lakini zile dola 60 zitoke jasho la kijana mwenyewe, hata kama ni dola mbili kwa juma, hata kama itachukua miezi saba au minane. Na azilete mwenyewe kwa mkono wake mpaka meza ya samaki. Asizitume kwa mtu.

Na huyu mama?

Imebaki kumjibu yule wa kwanza, aliyesema juu ya kodi ya mama. Huyu twamjibu kwa kukiri kwamba mara nyingi ana haki. Iko mipango mingi ya kusaidia watoto waliokosea ambamo kila kitu kimeandikwa: godoro la mtoto, vyombo vya useremala, mshahara wa mwalimu; lakini yule aliyeibiwa haonekani hata katika mstari mmoja. Anaitwa siku ya mapatano, anatia kidole chake katika wino, anaambiwa asante, anarudi kwa miguu. Hiyo si haki ya kutengeneza. Ni huruma ya upande mmoja, na huruma ya upande mmoja huzaa uchungu upande wa pili.

Kwa hiyo twasema: fedha ya wote ianze kwa aliyekosewa. Nauli yake ilipwe. Siku yake ya kazi ihesabiwe. Akikataa kuonana na kijana, asilazimishwe, wala asiitwe mgumu wa moyo. Na akidai zaidi ya haki yake, mpatanishi amwambie wazi. Mama akiona hivyo, hataona kwamba kodi yake imempa mwizi zawadi. Ataona kwamba kodi yake imemrudishia mtaji wake, jambo ambalo gereza halikumfanyia kamwe.

Lakini mwanawe aliyefukuzwa shule je? Hapo hatuna jibu jepesi. Ni kweli kwamba mtoto mwema asiyesoma ana haki juu ya hazina kuliko mtoto mkosaji. Lakini haki ya mmoja haifutwi kwa kumnyima mwingine. Tena samaki mkunje angali mbichi: maibobo wengi wa leo ni wale waliofukuzwa shule jana. Anayetaka hazina imkumbuke mtoto wa mama aseme hivyo kwa nguvu, nasi tutasema pamoja naye.

Deni la vita

Watu wa Ituri hawalisomi jambo hili katika vitabu tu. Wameliona mbele ya macho yao, kwa kipimo kikubwa kuliko dola 60.

Mwezi wa Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, Uholanzi, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wasiofika miaka 15, hapa kwetu, katika miaka ya 2002 na 2003. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ile ilihesabu deni lake kwa wale watoto na jamaa zao: dola milioni 10. Katika shauri la Germain Katanga, juu ya mashambulio ya Bogoro ya tarehe 24 Februari 2003, deni lilihesabiwa kuwa dola milioni moja, na watu 297 walikubaliwa kuwa wahanga, kila mmoja dola 250 kama alama tu, pamoja na msaada wa nyumba, wa masomo na wa kazi. Katika shauri la Bosco Ntaganda, mwaka 2021, dola milioni 30, zilizoongezwa mwaka 2023 zikapita milioni 31.

Lakini wakosaji hao walihesabiwa kuwa hawana mali ya kulipa. Basi nani alitoa? Mfuko wa Wahanga wa mahakama ile, nao hujazwa na nchi zenye kuchangia. Yaani mlipa kodi wa nchi ya mbali, asiyeijua Bogoro, alitia mkono mfukoni kwa ajili ya mtu wa Bogoro. Mbele ya ulimwengu wote lilikubaliwa neno hili: palipo na jeraha kubwa na mkosaji hana kitu, fedha ya umma yaweza kuingia, bila kumfutia mkosaji deni lake.

Habari hii ina somo jingine, nalo ni chungu. Lubanga alihukumiwa kwa jambo moja tu, la watoto wa vita. Kwa hiyo waliohesabiwa kuwa wahanga katika shauri lake ni watoto wale na jamaa zao. Yule ambaye nyumba yake ilichomwa na watoto wale wale hakuwa na mahali katika shauri hilo. Alibaki akiuliza: "Aliyenichomea nyumba anapewa msaada, mimi je?" Ilikuja baadaye hukumu ya Ntaganda ya mwaka 2019, iliyogusa pia mashambulio ya vijiji. Lakini miaka ilikuwa imekwisha kupita, na uchungu ulikuwa umekaa. Waliotunga mipango ya watoto wakosaji wajifunze hapo: ukimtengeneza mmoja na kumsahau mwingine, umefungua kidonda kipya.

Tena vita vyatulazimisha kuongeza neno juu ya lile tulilosema. Tulisema mtoto alipe deni. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyetiwa bunduki mkononi, deni lile ni lake kwa kiasi gani? Sehemu kubwa ni ya yule aliyempa bunduki. Sehemu nyingine ni ya Serikali iliyoshindwa kumlinda. Na sehemu nyingine, tusiogope kusema, ni yetu sisi watu wazima: wengine wetu tuliwatoa watoto wenyewe, wengine tuliwapigia makofi walipopita barabarani. Hapo hazina ya wote hailipi kama mfadhili. Yalipa kama mdeni. Mtume Paulo alimwandikia Filemoni juu ya mtumwa wake Onesimo, akamwambia kwamba kama Onesimo ana deni lolote, liandikwe juu yake yeye Paulo. Hakusema kwamba deni halipo. Alisema: nihesabie mimi. Ndivyo jamii yapaswa kusema kwa sehemu ile iliyo yake, na kumwachia kijana sehemu iliyo yake.

Mipaka isiyovukwa

Kabla ya kumaliza, tuweke mipaka, watu wasije wakalitumia neno hili vibaya.

Kwanza, si kila kosa hutengenezwa kwa mapatano. Binti akiharibiwa, tusikubali jamaa wakae jioni na kupatana kwa mbuzi wawili, na binti mwenyewe asiulizwe. Sheria za Julai 2006 ziliongeza ukali juu ya makosa hayo kwa sababu hiyo hasa, kwamba yalikuwa yakifunikwa. Fedha ya wote isilipe kifuniko.

Pili, mpatanishi asipokee kitu kwa mkono wa mtu yeyote aliye na shauri mbele yake, hata soda.

Tatu, hesabu isomwe wazi. Kiasi gani kimeingia, watoto wangapi wamepatanishwa, wangapi wametimiza malipo yao, na waliokosewa wangapi wamerudishiwa mali. Kama hesabu haisomwi, yule wa kwanza mwenye hasira atakuwa amesema kweli tena.

Nne, sisi waumini tusikae tukingoja hazina ifunguke. Katika jumuiya zetu wako maseremala, wako mafundi cherehani, wako mafundi wa pikipiki. Kumpokea kijana mmoja karakanani, amalize deni lake, hakuhitaji amri ya Kinshasa. Lakini pia tusifanye kazi ya Serikali kwa kimya hata Serikali isahau kwamba ni kazi yake. Tuwaulize wabunge wetu wa mkoa, wakati bajeti inaposomwa: katika fedha hii, mapatano ya watoto yako mstari gani?

Mwisho

Turudi kwa mama wa samaki, tumpe mwisho mwingine. Kijana amepelekwa kwa mpatanishi, si gerezani. Ameshuka macho, amesema, "Mama, ni mimi." Mama amemwambia yote: watoto walivyolala na njaa, alivyokopa kwa riba. Kijana hakuwa amejua kwamba ndani ya kitambaa kile mlikuwa na watoto wanne. Sasa anasukuma randa kwa fundi mmoja wa mtaani. Kila Jumamosi anakuja sokoni na dola mbili. Juma la kwanza mama anazipokea bila kumtazama. Juma la kumi anamwuliza jina lake. Juma la thelathini anahesabu: zimetimia 60.

Serikali haikutoa hata moja ya zile dola. Ilitoa nauli, na mshahara wa mtu mmoja wa kukaa kati yao. Haya yalikuwa madogo, lakini bila haya kijana asingefika kwenye meza ile, na mama angekuwa bado anadai.